Nyota wa Darasa la 8 Anapofika Humanite

Mwanafunzi wa Kalemie husoma elimu ya msingi kwa miaka 8, kama ilivyowekwa na sheria ya Kongo ya 2014, kisha humanite, yaani sekondari ya juu, kwa miaka 4. Kuvuka huko huangukia katikati ya balehe, na hapo nyota wengi wa michezo ya shule hufifia.

Sababu kubwa ni mwili. Wasichana hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana 14, lakini wapo wanaotangulia na wanaochelewa. Mvulana wa darasa la 8 anayefunga kila mechi huenda amewatangulia wenzake kwa misuli tu. Wakimfikia, mabao hukauka. Yule mdogo aliyekuwa akisukumwa huku na huku, kumbe, alilazimika kujifunza kuumiliki mpira.

Hata katika Kombe la Dunia la soka la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2007, mfungaji bora alikuwa Macauley Chrisantus wa Nigeria, mabao 7. Hakuwahi kung'ara hivyo ukubwani. Mchezaji bora, Toni Kroos wa Ujerumani, alitwaa Kombe la Dunia 2014.

Wasiofifia wapo. Mkenya Faith Kipyegon alikuwa wa 4 katika mbio za nyika za vijana duniani mwaka 2010, akikimbia pekupeku. Akashinda 2011, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mwaka 2016, 2021 na 2024.

Basi, kocha wa shule asimwache benchi mfupi wa darasa la 7 kabla hajamaliza kukua.