Adabu ya Barabara za Likasi

Miaka ya 1970 na 1980, mtu wa Likasi hakuhitaji saa ya mkononi. King'ora cha kampuni ya madini ya Gécamines kikilia alfajiri, barabara za Panda, Shituru na Kikula zilijaa kinga, ndizo baiskeli kwetu Katanga. Baba zetu wa zamu ya asubuhi walikanyaga kuelekea viwandani, chakula kimefungwa nyuma kwa mpira. Wa zamu ya usiku walikuwa wakirudi, nyuso zimechakaa kwa usingizi, na salamu zilipishana njiani: "Jambo baba, mulilamuka?"

Magari yalikuwa machache: ya wakubwa wa kampuni, malori, na mabasi ya wafanyakazi. Mji wetu ni wa vilima, kwa hiyo penye mwinuko mkali watu walishuka, wakasukuma kinga zao bega kwa bega. Hapo ndipo habari zilipopatikana: nani amejifungua, nani ana kilio, posho ya unga itatolewa lini kantini. Kijana akikutana na mzee alipunguza mwendo, na akiwa na adabu zake alishuka kabisa. Mtoto aliyechezea barabarani alikemewa na mama yeyote aliyepita, na jioni nyumbani alikemewa tena.

Kulikuwa pia na adabu ya amri. Wakati wa Mobutu, bendera ilipopandishwa asubuhi, barabara nzima ilisimama. Mwenye kinga aliweka mguu chini, dereva alisimamisha gari, mama mwenye beseni la sombe, yaani kisamvu, kichwani hakutikisika. Bendera ikifika juu, kila mtu aliendelea na safari yake. Amri za namna hiyo hazikuanza na Mobutu. Mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville, kwa jina la mhandisi Mbelgiji Jean Jadot, Waafrika waliwekwa kwenye makazi yao mbali na mitaa ya Wazungu, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea huko apendavyo. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Kwa hiyo anayesifu unyoofu wa barabara za zamani, zenye mijakaranda kandokando, akumbuke pia zilinyooshwa kwa faida ya nani.

Msafara wa maiti ulikuwa jambo jingine. Hakuna polisi aliyetuamuru kusimama, lakini matawi mabichi yalipoonekana mbele ya gari, wapita njia walivua kofia, hata wasipomjua marehemu. Hiyo ilikuwa mila yetu wenyewe.

Hata hivyo haikutosha kutulinda. Mwaka 1992 siasa za Katanga zilipochafuka, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Familia tulizosalimiana nazo kila asubuhi zililala stesheni na vyombo vyao, zikingoja treni. Wengi wetu tulipita mbele yao tukiangalia pembeni.

Gécamines nayo ilidhoofika, mishahara ikachelewa, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Kinga zilizopeleka watu kazini sasa zinaleta makala, yaani makaa, kutoka porini, magunia yamepita kimo cha msukumaji. Barabara imekuwa ya malori ya shaba na kobalti yanayotoka Kolwezi, na ya manseba, ndizo pikipiki za abiria, zinazopenya katikati yao.

Vijana hao wa manseba hulaumiwa kwa fujo, na ni kweli wana haraka. Lakini akifariki mwenzao, huacha abiria na kumsindikiza kwa kundi, honi zikilia, matawi kwenye usukani. Wazee husema hiyo si heshima, ni kelele. Mimi naona ni mila ile ile, na sisi tunaolalamika ndio tuliopaswa kuwafundisha kuvua kofia na kusalimu njiani.