Kazi ya Chini ya Maji: Barafuni na Chumbe

Ikitajwa elimu ya bahari, wengi wetu hufikiri habari za meli kubwa na mitambo ya thamani. Kumbe sehemu kubwa ya elimu hiyo hupatikana kwa watu wachache waliopiga kambi mahali pa upweke, wakazama, wakahesabu na kuandika. Natutazame kambi mbili, moja ya mbali na moja ya hapa kwetu.

Katika bara la Antaktika, kusini kabisa ya dunia, Marekani ina kituo kiitwacho McMurdo kilichofunguliwa mwaka 1956. Bahari ya huko hufunikwa na barafu nene. Watafiti hutoboa shimo, huweka kibanda juu yake, na humo huvaa mavazi mazito yasiyopenya maji. Baridi ya maji hufika karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, na chumvi ndiyo inayoyazuia yasigande. Mzamiaji hawezi kuibuka popote apendapo, kwani juu yake pote ni barafu. Kwa hiyo kamba yenye bendera na taa hushushwa shimoni ili imwonyeshe njia ya kurudi.

Sasa turudi kwetu. Kisiwa cha Chumbe kiko kusini ya Mji Mkongwe, kiasi cha kilomita 12. Mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1904, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wake wa magharibi kuwa hifadhi isiyovuliwa. Hapana kisima cha maji matamu. Maji ya kutumia ni ya mvua, hukusanywa mapaani yakateremkia birikani, na taa huwaka kwa nguvu za jua. Walinzi, ambao wengi wao walikuwa wavuvi, hawana silaha. Chombo kikikaribia, humwendea nahodha wakamweleza kwa maneno ya kiungwana, kisha habari huandikwa daftarini.

Ama utafiti wa mwamba, kazi huanza kwa utepe wa kupimia uliotandazwa juu yake. Mzamiaji huufuata polepole, akiandika kwa penseli juu ya kibao cha plastiki: hapa matumbawe hai, hapa mawe matupu, hapa mchanga, chewa wangapi, pono wangapi. Baadaye hurudiwa pale pale, na kuhesabiwa vile vile. Hesabu ya siku moja haifai sana mpaka ilinganishwe na ya miaka iliyopita.

Faida yake ilionekana mwaka 1998, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida. Tumbawe ni mnyama mdogo, na ndani yake huishi mimea isiyoonekana kwa macho, ambayo humpa chakula na rangi. Joto likizidi kwa nyuzi 1 au 2 tu kwa wiki kadhaa, huitoa mimea ile, akapauka, na asipopata nafuu hufa njaa. Mwaka ule sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilipoteza matumbawe mengi, na mwaka 2016 balaa lilirudi. Asiyejua mwamba ulivyokuwa jana, atajuaje leo umepoteza nini?

Tusidhani kuwa kukatazwa mahali pa kuvua ni jambo jepesi kwa mtu anayetegemea dema lake. Lakini samaki hawajui mpaka. Walioachwa wakakua hifadhini huzaa mayai mengi, na watoto wao huchukuliwa na mkondo hadi miamba mingine.

Kijana anayetamani kazi hii ajifunze hesabu, elimu ya viumbe na kuogelea. Hana haja ya kwenda mbali, kwani tangu mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja. Juu ya yote awe mwaminifu: aandike alichokiona, asiandike alichotarajia kukiona. Haba na haba hujaza kibaba, na mstari mmoja wa uongo huiharibu hesabu ya miaka mingi.