Senti za bibi: kung'aa si thamani

Kopo la bibi mmoja wa Terrat, jijini Arusha, lilipofunguliwa, mjukuu wake wa darasa la sita aliona utajiri. Kilichomvutia zaidi ni senti 10 ya mwaka 1936, yenye tundu katikati na jina la Mfalme Edward VIII. Mfalme huyo wa Uingereza hakumaliza hata mwaka; aliachia kiti Desemba 1936. Lazima iwe ghali, kijana akasema.

Wapi! Sarafu hizo zilitengenezwa kwa mamilioni kwa ajili ya Afrika Mashariki, na bado zinapatikana kwa wingi. Umri na hadithi nzuri havitoshi. Wakusanyaji huuliza zimebaki ngapi, na hali yake ikoje: maandishi yanasomeka, kingo hazijalika? Rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 Wajerumani wakiwa vitani, ndiyo ya bei kubwa, kwa kuwa ni chache.

Kijana alikwisha kuandaa limau na majivu. "Acha kwanza, mjukuu wangu," bibi akamzuia. Afadhali. Kusugua huacha mikwaruzo isiyofutika, na mnunuzi mzoefu huiona mara moja, bei ikashuka. Sarafu hushikwa ukingoni, ikahifadhiwa pakavu.

Na kopo likae juu, mzazi, mbali na wadogo. Mtoto akimeza sarafu, usimtapishe wala usimlishe ugali ili ishuke. Mwahishe hospitali, picha ya eksirei itaonyesha kama imekwama kwenye umio.