Mama wa Arabika

Kahawa ya arabika, ile ya Kilimanjaro na Mbinga, ni chotara. Baba yake ni robusta, ambayo Wahaya wa Kagera huichemsha, huikausha na kumkaribisha nayo mgeni aitafune. Mama ni mbuni wa porini uitwao Coffea eugenioides, wenye majani membamba, punje ndogo na kafeini kidogo. Huota wenyewe misituni, kuanzia mashariki mwa Kongo hadi magharibi mwa Kenya, na wengi tunaokunywa arabika kila asubuhi hatujawahi kuusikia.

Kilichomtambulisha mama ni kloroplasti, chembe za kijani ndani ya jani zinazotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha mmea. Asili yake ni bakteria aliyemezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Hakusagwa, alibaki humo na DNA yake, mbali na ile ya kiini cha seli. Katika mimea mingi, mbuni ukiwamo, DNA hiyo hairithiwi kupitia chavua bali kupitia yai, kama ukoo wa Waluguru unavyofuata upande wa mama.

Watafiti wanaipenda kwa sababu ni fupi, hubadilika polepole, na seli moja ya jani huwa na nakala zake nyingi mno. Hata jani kavu lililokaa makumbusho kwa miongo kadhaa linaweza kusomeka. Wajapani walisoma DNA nzima za kwanza za kloroplasti mwaka 1986, ya tumbaku ikiwa mojawapo. Ya arabika ilichapishwa nzima mwaka 2007: herufi 155,189, ilhali DNA ya kiini chake inapita bilioni moja. Lakini mama alikuwa ameshajulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa kulinganisha vipande tu.

Hapo ndipo penye mtego. Anayesoma kloroplasti peke yake ataiweka arabika kwa eugenioides na kufunga daftari. Robusta haimo kabisa. Baba anaonekana kwenye kiini, chenye kromosomu 44: seti ya 22 kutoka kila upande. Ndiyo maana mimi huusoma kwa tahadhari mchoro wowote wa nasaba ya mimea uliotegemea kloroplasti tu.

Kwa mkulima, nasaba hii ina uzito. Arabika yote inaelekea kutokana na tukio moja la kuchanganyika, hivyo mibuni yake inafanana mno, na ugonjwa wa kutu ya majani ukiingia shambani haubagui. Kuirudisha kwa baba ili ipate ukinzani wake si rahisi: arabika yenye 44 ikikutana na robusta yenye 22, mtoto hupata 33 na kwa kawaida huwa tasa. Kisiwani Timor, miaka ya 1920, ulipatikana mbuni uliokwepa kikwazo hicho, wenye kromosomu 44 na ukinzani wa robusta dhidi ya kutu. Damu yake imo katika aina chotara za arabika zilizotolewa na taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, kule Lyamungo, Kilimanjaro.