Kiungulia kimoja, dawa tatu

Kidonge cheupe cha magnesiamu, kile kinachotafunwa na kuacha ladha ya chaki mdomoni, ndicho wengi hukikimbilia kiungulia kinapopanda baada ya sahani ya pilau. Nafuu huja kwa dakika chache tu, maana kidonge hukutana na asidi iliyokwisha kumwagika na kuizimua. Tumbo nalo halijaambiwa liache. Huendelea kutengeneza nyingine. Magnesiamu huelekea kuharisha, alumini iliyomo katika vidonge vingine vya aina hii hufunga choo, hivyo watengenezaji huzichanganya zisawazishane. Dawa hizi pia hunasa antibayotiki ya doksisaiklini na vidonge vya madini ya chuma visifyonzwe vizuri, kwa hiyo zisimezwe pamoja.

Kundi la pili huzuia amri yenyewe. James Black, Mskoti, alitafuta namna ya kuizuia histamini isiliambie tumbo limwage asidi. Utafiti huo ulizaa simetidini, iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 1976, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ranitidini iliyofuata ilitamba duniani hadi mwaka 2020, ilipoondolewa sokoni Marekani kwa sababu ya NDMA, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Famotidini, ya kundi hilohilo, bado ipo: huanza kazi baada ya saa moja hivi, na hudumu hata saa 12.

Kisha kuna omeprazoli, dawa yenye nguvu kuliko hizo na inayotumiwa vibaya kuliko zote. Yenyewe hufunga pampu zinazosukuma asidi tumboni, lakini huzikamata zikiwa kazini, na kinachoziamsha ni chakula. Ndiyo maana humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na nguvu yake kamili huonekana baada ya siku kadhaa. Anayeimeza usiku wa manane kifua kikiwaka amechagua dawa nzuri kwa saa mbaya. Anayeitumia miaka nenda rudi bila daktari naye anaweza kupungukiwa vitamini B12 na magnesiamu. Akiiacha ghafla, asidi huweza kurudi kwa kishindo.

Vidonda vya tumbo ni habari nyingine. Vingi husababishwa na bakteria aina ya Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama diklofenaki. Bakteria huhitaji antibayotiki pamoja na omeprazoli, mara nyingi kwa siku 14. Anayekwenda kupima choo au pumzi aache kwanza omeprazoli kwa wiki mbili, la sivyo bakteria hufifia na kipimo kikasema hawapo. Mwenye choo cheusi kama lami, au anayetapika damu, asisubiri kipimo hicho: aende hospitali siku hiyohiyo.