Hukukosa Mechi Moja Tu

Swali ni lilelile, iwe Mbagala Rangi Tatu au Manzese: "Mwalimu, mkeka wangu wa kubeti ulikuwa wa mechi kumi. Tisa zimetiki, moja imenichania. Wiki ijayo nibadilishe nini?" Nafundisha takwimu, na swali hili limenichosha, kwa sababu anayeliuliza anaamini amekaribia.

Hajakaribia popote. Chukua mkeka ambao vijana huuita wa uhakika: mechi kumi, timu kubwa zikiwa nyumbani, kila mechi inalipa mara 1.20 ya dau. Tuseme kila timu ina nafasi 80 katika 100 ya kushinda, na huo ni ukarimu. Wengi wakiiona 80, macho huganda hapohapo. Lakini mkeka unataka zote kumi zishinde, kwa hiyo nafasi huzidishwa: 0.8 kwa 0.8 mpaka zitimie kumi. Jibu ni 0.107 hivi. Katika mikeka 100 ya namna hiyo, italipa kama 11.

Sasa hiyo mechi moja. Mikeka inayochanwa na timu moja pekee ni kama 27 katika 100. Rudia kusoma: kukosa moja tu hutokea zaidi ya mara mbili ya kushinda. Hiyo tisa kwa kumi unayoisimulia kijiweni ndiyo tabia ya mkeka wenyewe, na haisemi lolote kuhusu ujuzi wako wa mpira. Kumlaani kipa hakusaidii. Asingefungwa yeye, kesho angefungwa mwingine.

Mvuto huo wa tisa umewahi kupimwa. Mwaka 2006 mtafiti Ellen Peters na wenzake walichapisha utafiti uliowapa watu mabakuli mawili ya peremende, na ushindi ulikuwa kuchomoa ya rangi. Bakuli moja lilikuwa na 1 ya rangi katika 10, la pili 9 katika 100. La kwanza ndilo bora, lakini wenye uwezo mdogo wa hesabu walivutwa zaidi na la pili. Tisa ziliwajaa machoni, kama zinavyowajaa wenye mikeka Tandika.

Fedha nayo ihesabiwe. Mkeka huo wa mechi kumi ukitiki, 1.20 nayo huzidishwa mpaka zitimie kumi, na dau la shilingi 1,000 linarudisha 6,200 hivi. Ukichanganya inayotiki na inayochanika, kila 1,000 uliyoweka hurudi wastani wa 665. Mechi moja peke yake ingekula 40 katika 1,000. Kuziunganisha kumi kumekula 335. Halafu mtu anashangilia bonasi ya mkeka mrefu! Kampuni inajua mkeka upi unaiingizia zaidi.

Ukishaamua kubeti, beti mechi moja moja, ujue bado unapoteza, ila polepole. Tenga kiasi ambacho kikiisha, nauli na chakula vipo. Andika kila dau kwenye daftari, hasa yaliyoliwa, ujumlishe mwisho wa mwezi. Anayekuuzia "mechi zilizopangwa" kwa elfu kumi, mwache: angezijua kweli angezibeti mwenyewe. Kuongeza dau maradufu ili kufidia hakubadilishi nafasi hata kidogo. Na mkopo wa kausha damu usiuguse kwa ajili ya mkeka, maana riba yake inapanda juu ya hasara ambayo tayari ni 335 katika kila 1,000.