Klachi ya Pikapu: Namna ya Kutambua Hitilafu Kabla Gari Halijakwama

Pikapu ndilo gari la kazi katika vijiji vingi vya Mkoa wa Mwanza. Hubeba dagaa na sangara kutoka mialoni hadi soko la Mwaloni Kirumba, pamba na pembejeo za wakulima, na vifaa vya ujenzi wa madarasa. Magari ya aina hiyo yanayomilikiwa na umma hubeba pia dawa na masanduku ya chanjo kwenda zahanati. Chanjo nyingi hutakiwa kutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, na samaki wabichi hawana thamani barafu ikishayeyuka. Kwa sababu hiyo, pikapu ikikwama saa kadhaa njiani, hasara haimpati dereva peke yake.

Miongoni mwa sehemu zinazoweza kulikwamisha gari lenye gia za kubadilishwa kwa mkono ni klachi. Kwa kawaida sehemu hii huharibika kwa hatua, na kila hitilafu ina dalili zake. Dereva anayeweza kutofautisha dalili hizo humwezesha fundi kuanzia mahali panapostahili. Asipoweza, gia boksi huenda ikashushwa na klachi nzima kubadilishwa, ilhali tatizo lilikuwa mpira mdogo unaovujisha mafuta.

Klachi inavyofanya kazi

Klachi hukaa kati ya injini na gia boksi. Ndani yake kuna klachi pleti, ambayo hubanwa kati ya gurudumu zito la injini liitwalo flaiwili na chuma chenye springi kiitwacho presha pleti. Pleti inapobanwa, nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu. Dereva anapokanyaga pedali, mafuta ya breki husukumwa kutoka silinda ya juu, iliyo karibu na pedali, hadi silinda ya chini, iliyo ubavuni mwa gia boksi. Silinda ya chini husukuma uma, uma husukuma beringi, na beringi hubonyeza springi za presha pleti. Hapo klachi pleti huachiwa na gia huweza kubadilishwa. Pikapu nyingi zilizopo barabarani, zikiwemo Toyota Hilux na Land Cruiser, hutumia mfumo huu wa mafuta.

Dalili ya kwanza: klachi inateleza

Klachi inayoteleza hutambulika pale injini inapopiga kelele na mshale wa mizunguko kupanda, huku mwendo wa gari ukibaki palepale. Hali hii huanza kuonekana gari likiwa na mzigo au likipanda mlima, na baadaye hufuatiwa na harufu ya kuungua.

Ili kuhakikisha, dereva aendeshe kwenye barabara tambarare isiyo na msongamano, kwa gia ya nne na mwendo wa takriban kilomita 50 kwa saa, kisha akanyage mafuta kwa nguvu. Mizunguko ikiruka ghafla bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Jaribio hili lifanyike mara moja au mbili tu, kwa kuwa kila mtelezo huongeza joto na ulaji wa pleti.

Sababu kubwa ni pleti iliyolika. Hata hivyo, pleti mpya nayo huteleza ikiwa imelowa mafuta yanayovuja kutoka sili ya nyuma ya injini au sili ya mbele ya gia boksi. Kubadilisha pleti bila kuziba uvujaji huo ni kuharibu pleti ya pili. Fundi anapaswa pia kukagua pedali: ishuke kidogo bila ukinzani kabla ya kuanza kukaza. Pedali isiyo na nafasi hiyo yaweza kuwa inaizuia klachi kubana kikamilifu, na marekebisho yake hayahitaji kushusha gia boksi.

Dalili ya pili: klachi haiachii

Hapa gia huwa ngumu kuingia, gia ya kurudi nyuma hukwaruza, au gari hutaka kuondoka ingawa pedali imekanyagwa hadi chini. Kipimo chake ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, dereva ajaribu kuingiza gia zote. Kisha awashe injini na kujaribu tena, akiwa amekanyaga klachi na breki. Gia zikiingia bila shida injini ikiwa imezimwa, lakini zikakataa ikiwa imewashwa, ushahidi unaelekea kwenye klachi kuliko kwenye gia boksi.

Hatua inayofuata ni kufungua boneti na kutazama kichupa cha mafuta ya klachi. Kiwango kikiwa kimeshuka, mafuta yanavuja mahali fulani. Dalili za uvujaji zitafutwe nyuma ya pedali ndani ya gari na kwenye mpira wa silinda ya chini. Aidha, ikiwa gia huingia baada ya pedali kukanyagwa mara kadhaa mfululizo, kuna uwezekano mkubwa kwamba hewa imeingia kwenye mfumo au mpira wa silinda umechoka. Matengenezo ya aina hii kwa kawaida hufanyika bila kugusa gia boksi.

Mafuta ya kuongeza ni yale ya breki yanayotajwa kwenye kifuniko cha kichupa, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini yasitumike hata kwa dharura, kwa kuwa huvimbisha mipira na kuharibu mfumo mzima.

Kwa magari ya mwambao wa ziwa kuna sababu nyingine. Gari lililopita kwenye maji kisha likaegeshwa kwa muda mrefu laweza kupata kutu, na pleti ikagandamana na flaiwili. Dereva amweleze fundi historia hiyo mapema.

Dalili ya tatu: kelele na mtetemo

Kelele inayosikika pedali inapokanyagwa, na kutoweka inapoachiwa, mara nyingi hutokana na beringi ya klachi. Ikiwa kelele ipo gari likiwa halina gia na pedali imeachiwa, kisha ikatoweka pedali inapokanyagwa, beringi za gia boksi ndizo za kushukiwa kwanza. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, fundi akague mipira inayoshikilia injini kabla ya kulaumu klachi. Mipira ikiwa mizima, pleti yaweza kuwa imelowa mafuta au uso wa flaiwili umeharibika.

Gia boksi inapolazimika kushushwa

Kazi ya kushusha gia boksi ni kubwa, hivyo ni busara kubadilisha klachi pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja, na kukagua flaiwili pamoja na sili. Vumbi la ndani ya klachi lisipulizwe kwa hewa, kwa kuwa baadhi ya pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Magari ya umma hutengenezwa kupitia Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania (TEMESA), wenye karakana mkoani Mwanza. Mmiliki binafsi anashauriwa kutafuta fundi mwenye mafunzo, wakiwemo wahitimu wa ufundi magari wa VETA, na kudai kuoneshwa kipuri kilichoharibika kabla ya kulipia kipya.

Mazoea yanayorefusha maisha ya klachi

Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, limewaondolea madereva foleni ya kivuko iliyowafanya wasogee hatua kwa hatua. Lakini vilima vya Jiji la Mwanza na foleni za vivuko vingine bado vipo. Gari lisizuiwe mlimani kwa klachi; itumike breki ya mkono. Mguu usipumzishwe juu ya pedali wakati wa safari, gari liondolewe kwa gia ya kwanza, na mzigo usizidi uwezo wa gari.

Madereva wa magari ya umma wanakumbushwa kuandika dalili yoyote katika daftari la gari siku ileile inapojitokeza, wakieleza ilitokea katika gia ipi, kwa mzigo gani na katika mwinuko upi. Maelezo hayo humwonesha fundi pa kuanzia, na hulinda fedha za umma pamoja na mzigo unaosubiriwa na wananchi.